Pilipili Haina Moto

Paukwa!

Pakawa.

Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina simbilisi aliyefungiwa kwenye barafu, ina pilipili iliyovuka bahari, ina kuku walioshindwa kusimama kwa sababu ya wali mweupe, na mwisho wake uko kwenye sahani yako ya ugali. Sogeeni, wajukuu zangu. Aliye nyuma aje mbele.

Mmewahi kumsikia mkubwa akisema, "Kula pilipili, mwanangu, inachoma mafuta mwilini." Wengine husema hivyo kuhusu tangawizi, wengine kuhusu kahawa, wengine chai ya kijani. Tena wapo wanaotembeza vikopo vya vidonge vyenye picha ya pilipili nyekundu, wakiapa kwamba ukimeza viwili asubuhi utakonda hata ukishinda umelala. Maneno hayo yana ukweli mdogo ndani yake, na juu ya ukweli huo mdogo umejengwa uongo mkubwa. Leo tutavitenganisha. Na kabla hatujauliza kama pilipili huongeza moto mwilini, sharti tujue kwanza kama mwilini kuna moto wenyewe.

Twendeni Paris, mji mkuu wa Ufaransa, majira ya baridi ya mwaka 1782 kuingia 1783. Hapo aliishi mkemia mmoja, Antoine Lavoisier, na rafiki yake mwanahisabati, Pierre-Simon Laplace. Walitengeneza chombo chenye kuta zaidi ya moja, wakajaza barafu katikati ya kuta hizo, kisha ndani kabisa wakamweka simbilisi, yule mnyama mdogo mnene asiye na mkia. Hawakumtesa. Walimwacha apumue tu. Joto la mwili wake likawa linayeyusha barafu, na maji yakawa yanachuruzika chini. Baada ya saa 10 wakayapima.

Halafu wakafanya jambo la ajabu. Wakachoma mkaa ndani ya chombo kile kile, wakapima nao unayeyusha barafu kiasi gani. Walijua simbilisi hutoa hewa ya kaboni anapopumua, na mkaa hutoa hewa hiyo hiyo unapowaka. Wakalinganisha: kwa kiasi sawa cha hewa ya kaboni, mnyama ameyeyusha barafu kiasi gani, na mkaa kiasi gani? Hesabu zikakaribiana. Lavoisier akakata shauri kwamba kupumua ni kuungua, ila kuungua polepole, pasipo ndimi za moto wala moshi.

Miaka michache baadaye msaidizi wake, Armand Seguin, alikubali kupimwa yeye mwenyewe. Akavalishwa kifuniko usoni, hewa anayoivuta ikapimwa. Mke wa Lavoisier, Marie-Anne, alikaa mezani akiandika, na ndiye aliyetuchorea picha za majaribio hayo. Wakagundua kwamba mtu hutumia oksijeni zaidi akiwa ametoka kula, zaidi akiwa kwenye baridi, na zaidi sana akiwa anafanya kazi. Yashikeni mambo hayo matatu, chakula, baridi na kazi, maana yatarudi. Lavoisier mwenyewe hakuishi kuendeleza utafiti huo. Alikuwa mmoja wa wakusanya kodi wa mfalme, na mapinduzi ya Ufaransa yalimkata kichwa tarehe 8 Mei 1794.

Kwa hiyo mtu akikwambia mwili ni jiko la mkaa, hakutungii fumbo. Chakula ndiyo mkaa wake, oksijeni ndiyo hewa inayopulizwa kwenye tundu lake. Tofauti ni kwamba jiko hili halikai mahali pamoja. Limegawanyika katika matrilioni ya seli, na ndani ya seli kuna vijumba vidogo mno viitwavyo mitokondria. Humo ndimo chakula kinapounguzwa hatua kwa hatua. Sehemu ya nishati hiyo hufanya kazi: moyo upige, misuli ivute, mifupa irefuke. Sehemu nyingine hutoka ikiwa joto, ndiyo maana ukimkumbatia mtu unamhisi ana joto na ukiligusa jiwe la kivulini unalihisi baridi.

Mtu mzima hutumia kalori 2,000 hadi 2,500 hivi kwa siku, zile kalori zinazoandikwa kwenye pakiti za vyakula. Zaidi ya nusu hutumika bila yeye kunyanyua hata kidole: kupumua, kusukuma damu, kufanya ini na figo zifanye kazi. Ubongo peke yake ni sehemu 2 tu kati ya 100 za uzito wa mtu mzima, lakini hula karibu sehemu 20 kati ya 100 za nishati ya mwili uliopumzika. Kwa mtoto wa miaka mitano hivi ubongo hula zaidi ya hapo, hata kufikia karibu asilimia 40 ya nishati yake yote ya siku. Ndugu yako mdogo akilia njaa nusu saa baada ya chakula, usimcheke. Analisha kichwa.

Sasa tumejua moto upo. Tuitafute pilipili.

Kitendawili!

Tega.

Tumekula tunda moja mezani. Mimi nalia, mwenzangu anaimba.

Mmeshindwa? Nipeni mji. Haya, mmenipa Tanga. Jibu ni mtu na ndege, na tunda ni pilipili.

Pilipili hii tunayoiita kichaa, na ile nene ya duara tunayoiita mbuzi, si wenyeji wa huku. Kwao ni Amerika. Watu wa Meksiko na nchi za jirani walikuwa wakizila maelfu ya miaka kabla ya Columbus kuvuka bahari mwaka 1492. Baada ya safari hizo ndipo mbegu zikaanza kusambaa duniani, na Wareno, ambao meli zao zilifika pwani yetu kuanzia 1498, walikuwa miongoni mwa wasambazaji wakubwa. Kabla ya hapo mpishi wa Kilwa au Mombasa aliyetaka chakula kikali angeweza kutumia pilipili manga au tangawizi, vitu vya Bahari ya Hindi. Achari ya pilipili mbuzi hakuijua.

Ukali wa pilipili unatokana na kitu kimoja kiitwacho kapsaisini. Wengi hudhani kiko kwenye mbegu. Sivyo. Ipasue pilipili uone ule utando mweupe unaoshikilia mbegu: humo ndimo kinapotengenezwa, na mbegu hupata ukali kwa kuguswa nao tu. Pilipili hoho haina kapsaisini, ndiyo maana mtoto mchanga wa meno mawili anaweza kuitafuna akacheka.

Lakini kwa nini mmea ujisumbue kutengeneza kitu hicho? Haukukitengeneza kwa ajili ya kachumbari yetu. Mmea unataka mbegu zake zifike mbali zikiwa hai. Mwaka 2001 watafiti wawili, Joshua Tewksbury na Gary Nabhan, walieleza walichokiona kwenye pilipili za porini huko Arizona, Marekani. Panya wanaokula pilipili huzisaga mbegu kwa meno, na mbegu iliyopita tumboni mwa panya haioti. Ndege hawana meno. Humeza tunda zima, wakaruka, wakatua mtini, wakaziangusha mbegu chini zikiwa nzima, nazo zikaota. Kapsaisini huwaunguza panya na haiwagusi ndege. Mmea unamchagua mgeni wa kula naye.

Nchini Bolivia watafiti wakaona jambo jingine. Huko kuna pilipili za porini za aina moja, ambapo mche huu huzaa matunda makali na mche wa jirani huzaa matunda yasiyowasha. Wadudu wenye midomo ya sindano hutoboa matunda, na katika matundu hayo kuvu huingia na kuozesha mbegu. Matunda makali yalistahimili kuvu kuliko yale mengine. Basi kapsaisini ni silaha ya mmea dhidi ya meno ya panya na dhidi ya ukungu. Kukonda kwako hakumo katika shughuli zake.

Tuingie kinywani sasa. Chukua mchuzi wa pilipili uliopoa kabisa, tumbukiza kipimajoto. Hakitapanda hata nyuzi moja. Onja mchuzi huo huo, na ulimi utapiga kelele kuwa unaungua. Nani mwongo, kipimajoto au ulimi?

Aliyelijibu swali hilo ni David Julius wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco. Mwaka 1997 yeye na wenzake walitangaza kwamba wamekipata kilango kilichomo kwenye neva zetu za maumivu, ambacho sasa huitwa TRPV1. Kilango hiki hukaa kimefungwa. Joto likifika nyuzi 43 hivi za Selsiasi, kiwango ambacho ngozi huanza kuumia, kinafunguka na kupeleka habari ubongoni: moto! Kapsaisini nayo hujishikiza kwenye kilango hicho hicho na kukifungua hata pakiwa baridi. Ubongo hauna njia ya kujua tofauti. Ndege wanacho kilango cha namna hiyo, lakini chao hakiisikii kapsaisini, ndiyo maana mmoja analia na mwingine anaimba. Kwa kazi hiyo Julius alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021, pamoja na Ardem Patapoutian aliyegundua jinsi tunavyohisi mguso.

Kwa hiyo pilipili haina moto. Ni habari ya uongo kuhusu moto, iliyopelekwa kwa njia ya kweli. Na mkiwashwa, msikimbilie maji, kwa kuwa kapsaisini haiyeyuki vizuri kwenye maji, inayeyuka kwenye mafuta. Maziwa au mtindi ndiyo dawa. Yana mafuta, na protini yake huikamata kapsaisini na kuiondoa kwenye ulimi.

Lakini mwili ukipata habari ya moto, hata kama ni ya uongo, hauketi. Jasho hutoka, pua huchuruzika, mishipa ya damu ya usoni hupanuka. Habari hizo zikifika tumboni na kwenye neva za ndani, mwili humwaga kidogo homoni ya adrenalini na jamaa zake. Homoni hizo zinaweza kuamsha kitu ambacho wengi hawajui kuwa wanacho: mafuta ya kahawia.

Tunayoyajua ni mafuta meupe, yanayoweka akiba tumboni na mapajani. Mafuta ya kahawia ni mengine. Msomi wa Uswisi, Conrad Gessner, aliyaona mwaka 1551 katikati ya mabega ya mnyama wa milimani anayelala wakati wote wa baridi, akashindwa kusema kama ni mafuta au ni nyama. Rangi yake inatokana na mitokondria zilizosongamana humo, ambazo zina madini ya chuma. Na mitokondria hizi zina protini ya pekee inayoiacha nishati ivuje bila kufanya kazi yoyote, ikaishia kuwa joto tupu. Jiko zima linawashwa, na halipikiwi kitu. Linapasha chumba tu.

Watoto wachanga wanayo, katikati ya mabega na shingoni, kwa sababu hawajui bado kutetemeka wakipatwa na baridi. Kwa miaka mingi madaktari waliamini kuwa mtu akikua mafuta hayo huisha. Mwaka 2009 timu tatu za watafiti, mojawapo ikiwa Marekani na nyingine mbili Ulaya, zilionyesha kwamba watu wazima wengi bado wanayo, shingoni na juu ya mifupa ya mtulinga, na kwamba baridi huyaamsha. Mnakumbuka Seguin na kifuniko chake?

Hapo ndipo watu wakaishangilia pilipili. Baridi huamsha mafuta ya kahawia, kapsaisini huamsha neva, basi labda tutapata faida ya baridi bila kutetemeka. Watafiti wa Japani wakajaribu. Walitumia kapsinoidi, ndugu za kapsaisini zinazopatikana katika pilipili isiyowasha, miligramu 9 kwa mtu. Mwaka 2012 walitoa matokeo: wenye mafuta ya kahawia waliongeza nishati wanayoitumia, na wasiokuwa nayo karibu hawakubadilika. Huo, wajukuu zangu, ndio ukweli mdogo niliowaahidi. Kiungo cha mmea kinaweza kweli kuusogeza mwili uchome zaidi.

Zaidi kiasi gani? Hapo wauza vidonge hunyamaza, na sisi tutapiga hesabu. Ongezeko lile lilikuwa pungufu ya kalori 4 kwa saa. Kijiko kimoja cha chai cha sukari kina kalori 16 hivi. Hata kama ongezeko lile lingedumu saa nne mfululizo bila kupungua, lingekuwa halijamaliza kijiko kimoja cha sukari. Mtoto wa kilo 40 akitembea kilomita moja kwenda dukani hutumia kalori 20 hadi 30. Yaani kutumwa chumvi kunaishinda pilipili.

Kahawa nayo ina hadithi yake. Mwaka 1819 mshairi mkubwa wa Ujerumani, Goethe, alimpa mkemia kijana wa miaka 25, Friedlieb Ferdinand Runge, punje za buni, kitu cha thamani wakati huo, akamwambia azichunguze. Runge akapata ndani yake kafeini. Kafeini nayo ni silaha, maana huwadhuru wadudu wanaotafuna mmea. Kwetu sisi inaziba nafasi ambazo kemikali ya usingizi ingekaa ubongoni, ndiyo maana tunachangamka. Wahaya wa Kagera waliijua kazi hiyo kwa kutafuna tu: buni huchemshwa, hukaushwa, na mgeni akifika hukaribishwa kwa kupewa atafune.

Kafeini ya kikombe kimoja hivi, miligramu 100, huongeza uchomaji wa mwili uliopumzika kwa asilimia 3 au 4 kwa muda wa saa mbili na nusu. Pigeni hesabu na mtapata kalori 7 hivi, chini ya nusu kijiko cha sukari. Sasa angalia kikombe chenyewe kimetiwa sukari vijiko vitatu. Chai ya kijani, ambayo hutokana na mmea ule ule wa chai nyeusi ya Kericho na Mufindi, iko katika kundi hilo hilo: ina kafeini na viungo viitwavyo katekini, na pamoja huongeza kidogo tu.

"Basi, Babu," mmoja wenu ataniambia, "kama kidogo hakitoshi, tuongeze dozi." Nyamaza unisikilize. Hapa ndipo hadithi inapokuwa nyeusi.

Uchina kuna kichaka kiitwacho ma huang, ambacho waganga wa huko walikitumia tangu kale kwa kikohozi na pumu. Kina efedrini, kitu chenye nguvu karibu na ile ya adrenalini. Miaka ya 1990 watengenezaji wa vidonge Marekani waliichanganya na kafeini, wakaiuza kuwa dawa ya asili ya kukondesha. Iliongeza uchomaji, ni kweli. Pia iliwapandisha watu shinikizo la damu, ikawapoozesha wengine, ikawasimamisha mioyo wengine, hata vijana na wanamichezo. Mwaka 2004 serikali ya Marekani ilipiga marufuku vidonge hivyo. Hata chai ya kijani, ambayo kikombeni haina neno, ikikamuliwa na kushindiliwa kwenye vidonge hubadilika. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilionya kwamba katekini kuu ya chai hiyo, ikifika miligramu 800 au zaidi kwa siku kupitia vidonge, huambatana na dalili za kuumia kwa ini. Neno "asili" kwenye kopo halimaanishi salama. Silaha ya mmea ni ya asili pia.

Sasa nimewavunja moyo, nawaona. Mnaniuliza kama kweli hakuna kiungo chochote cha mmea chenye nguvu kwenye jiko letu. Kipo. Hakiwashi, hakinukii, hakina hata ladha ya kukumbukwa. Ili kukiona twendeni kwa kuku.

Mwishoni mwa karne ya 19, katika kisiwa cha Java kilichotawaliwa na Waholanzi, watu waliugua maradhi yaitwayo beriberi. Miguu inakufa ganzi, mwili unavimba, moyo unachoka, mgonjwa anakufa. Askari, wafungwa na mabaharia waliugua sana. Daktari Mholanzi, Christiaan Eijkman, alikuwa anakitafuta kijidudu cha maradhi hayo, akawadunga kuku damu ya wagonjwa. Kuku wakaanza kuyumba na kushindwa kusimama. Lakini hata kuku ambao hawakudungwa kitu waliyumba vilevile. Kisha, ghafla, wote wakapona.

Eijkman akaulizauliza hadi akafika jikoni. Kumbe mhudumu wa kuku alikuwa akichukua wali mweupe uliobaki jikoni mwa hospitali ya jeshi, ili kubana matumizi. Kisha akaja mpishi mpya, akakataa: wali wa jeshi si wa kuku wa raia! Kuku wakarudishiwa mchele wa bei nafuu, usiokobolewa, na ndio uliowaponya. Dunia ya tiba ina deni kwa mpishi yule mkali.

Mwaka 1897 ikatoka ripoti ya mkaguzi wa afya, Adolphe Vorderman, aliyeangalia magereza ya Java. Palipoliwa mchele mweupe, beriberi ilimpata mfungwa mmoja kati ya kila 39. Palipoliwa mchele wenye ganda lake la ndani, mmoja kati ya kila 10,000. Eijkman alidhani mchele mweupe una sumu. Mwenzake Gerrit Grijns ndiye aliyesema, mwaka 1901, kwamba mchele mweupe hauna sumu, umepungukiwa. Kitu fulani kimo kwenye pumba, na mashine imekitupa. Mwaka 1926, huko huko Java, Barend Jansen na Willem Donath wakakitoa kwenye pumba kikiwa fuwele safi. Ndicho tunachokiita leo vitamini B1, au thiamini. Eijkman alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1929.

Na kazi ya thiamini mwilini ni ipi? Ni kuunguza chakula. Sukari itokayo kwenye wali au ugali hukatwakatwa hadi iingie kwenye mitokondria, na humo haiwezi kuendelea kuunguzwa ipasavyo bila thiamini. Mtu asiye nayo anaweza kula sahani tatu za wali, na seli zake zikafa njaa. Mkaa umejaa hadi juu, jiko halishiki. Neva na moyo huumia kwanza kwa sababu ndizo zenye kazi isiyokoma.

Linganisheni sasa. Miligramu 9 za kapsinoidi ziliongeza kalori zisizotimia 4 kwa saa. Mtu mzima anahitaji thiamini miligramu 1 na kidogo tu kwa siku, na bila hiyo kalori zake zote 2,000 haziungui inavyopaswa. Kiungo kinachokutoa machozi kinachangia chembe. Kile ambacho hujawahi kukihisi ndicho kinachobeba mzigo.

Kiko wapi? Mahindi yakikobolewa ili yawe sembe, ganda na kiini cha mbegu huenda kwenye pumba, na sehemu kubwa ya thiamini huenda nayo. Dona hubaki nayo. Iko kwenye maharage, karanga, mtama na ulezi. Huyeyuka kwenye maji, basi ukiosha mchele mara nyingi, au ukiuchemsha ukamwaga maji, unaimwaga pia. Serikali za Kenya na Tanzania huvitaka viwanda vya unga viongeze virutubisho, maana zinajua kilichoondoka kinuni. Ila dona lenu lisagwe kwa mahindi makavu yasiyo na ukungu, kwa sababu ukungu wa mahindi una sumu yake, na hiyo haitoki kwa kupika.

Sasa wajukuu zangu, mkipenda pilipili, kuleni kwa raha, mlie, mkanywe mtindi. Ni chakula kizuri chenye vitamini C na ladha. Lakini akija mtu na kikopo akiwaahidi kwamba kitawachomea mafuta, muulizeni swali moja tu: kalori ngapi kwa saa? Akishindwa kujibu, rudisheni kikopo chake. Mwili unaokua hauhitaji vidonge vya kukondesha. Mwenye wasiwasi na uzito wake amwambie mzazi, waende zahanati pamoja. Kuleni dona na maharage, chezeni mpira hadi mtokwe jasho, na mkitumwa dukani nendeni kwa miguu.